Mali ya Abdulla, Maneno ya Nani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali tamu, lakini ukiipeleka Biashara Street, Mombasa, itapata taabu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, bidhaa iliyoupa mtaa huo sifa yake imekuwa ikitembea mchana kutwa: sokoni, harusini, matangani, imefungwa kiunoni au imetupwa kichwani. Ni nzuri na inajitembeza. Au tuseme ukweli: inatembezwa. Wanaoitembeza ni wanawake, na hawalipwi hata senti. Wao ndio wanaolipa.

Nayasema haya kwa sababu kazi inayoniweka mjini ni kuwaandikia wenye biashara ndogo maneno ya kuweka Facebook, Instagram na WhatsApp. Kila wiki kuna mtu anataka nimpe mkakati. Na mikakati haipungui. Mjue mteja wako. Weka kitu kila siku. Jibu upesi. Fuata mada inayovuma, tumia alama ya reli, tafuta mshawishi mwenye wafuasi wengi. Ushauri huu hutolewa kama elimu iliyoshuka juzi pamoja na intaneti. Mimi nadhani sehemu kubwa yake ni elimu ya leso, ile ambayo wengine huiita kanga. Tena leso ilijua jambo ambalo washauri wa leo hawaligusi: tangazo zuri lina wenyewe wawili, yule anayeuza na yule anayelibeba, na lazima ijulikane kila mmoja anamiliki nini.

Tuanze nyuma kidogo, kabla ya leso. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani. Jina la nchi likawa jina la nguo. Misafara ilikibeba hadi bara, na huko kikatumika kama pesa. Mnunuzi wa huko hakujua Salem iko wapi wala hakuona bango lolote la mwenye kiwanda. Alikishika kwa vidole, akapima uzito na ufumaji wake, na kama hakikuwa chenyewe alikirudisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba, viwanda vya Uingereza na India vilipata mwanya wa kuingia. Lakini jina halikuondoka. Watu waliendelea kuita merikani kitambaa ambacho hakikuwa kimeiona Marekani hata kwa mbali.

Hapo pana somo la kwanza. Jina la bidhaa ile halikutungwa na muuzaji. Lilitungwa na watumiaji, katika lugha yao, na wao ndio walioamua lidumu. Leo kampuni hulipa mamilioni kumtafuta mtu wa kuibunia jina, kisha hushangaa wateja wakiita bidhaa hiyo kwa jina lao wenyewe.

Merikani ikitiwa nili ya kukolea iligeuka kaniki, nguo nyeusi-nyeusi ya kazi. Kaniki ndiyo waliyovaa watumwa wa kike na maskini wengi wa pwani. Kumbe kitambaa hicho nacho kilikuwa kikisema, ila mvaaji hakuwa na hiari ya kuchagua kinachosemwa. Ukimwona mtu na kaniki yake unajua umpe salamu gani, au usimpe.

Leso ilizaliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na jina lake latokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, sita kwa pamoja, wakavigawa vitatu vitatu, wakaunganisha mafungu mawili kwa sindano. Wakapata nguo moja pana yenye rangi na nakshi. Ubunifu huo haukutoka kiwandani. Ulitoka kwa wateja, wafanyabiashara wakauona, ndipo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo kuzunguka na mji katikati. Ile ya madoadoa, husimuliwa, ndiyo iliyoipa nguo hii jina la ndege kanga.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanamke aliyekuwa amevaa kaniki kwa kulazimishwa na hali alipopata senti zake, jambo la mapema alilofanya ni kuiacha. Alinunua rangi. Hapo soko la leso lilipasuka, na likawa soko gumu kwelikweli. Mtindo uliotamaniwa mwezi huu ungeweza kudharauliwa baada ya miezi michache, na mwenye duka akabaki na marobota ambayo hata kwa bei ya hasara hayatoki. Kumbuka kwamba leso hizo zilichapwa Uingereza, au Uholanzi katika miji kama Helmond. Mchoro uende kwa meli, nguo irudi kwa meli. Mfanyabiashara aliyekisia vibaya leo angekuja kujua kosa lake baada ya miezi, pesa zikiwa zimeshalala baharini.

Kwa hiyo alilazimika kusikiliza. Aliketi dukani akitazama ni leso gani inaguswa na kuachwa, ipi inaulizwa na haipo, na kina mama wanasema nini wakisubiri chenji. Hakuwa na takwimu za ukurasa. Alikuwa na masikio, na hofu ya hasara.

Mmoja wa waliosikiliza vizuri ni Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana pia kwa jina la Abdulla. Duka lake Mombasa hutajwa kuanza mwaka 1887, na yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kwa kueneza desturi ya kuandika misemo ya Kiswahili kwenye leso, mapema katika karne ya 20. Mwanzoni maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Leso zake zilibeba alama ambayo hadi leo mtu wa Mombasa ataitambua: K.H.E. – Mali ya Abdulla.

Sasa itandaze leso hiyo uitazame vizuri. Alama ya Abdulla iko wapi? Iko kwenye pindo, kwa herufi ndogo, mahali ambapo ukishajifunga huenda isionekane kabisa. Herufi kubwa, zilizo kwenye mstari wake maalumu juu ya pindo la chini, ni za usemi: Japo sipati tamaa sikati. Wema hauozi. Mcheza kwao hutunzwa. Na sikiliza Waswahili wanavyouita usemi huo. Wanauita jina. Jina la leso si la mwenye kiwanda wala la mwenye duka. Ni yale maneno. Mteja akiingia dukani haulizi, “Una ya Abdulla?” Anauliza, “Hii jina lake nani?” na asipolipenda jina, rangi ziwe nzuri vipi, anaweza kuiacha palepale kaunta.

Hebu fikiria Abdulla angeandika katikati ya mji: Nunueni kwa Abdulla, bei nafuu. Nani angeivaa? Labda angeivaa aliyepewa bure, kama tunavyovaa leso na fulana za wanasiasa msimu wa kampeni, kisha baada ya uchaguzi zinageuka matambara ya kudekia. Hiyo ndiyo tofauti. Ya mwanasiasa inagawiwa. Ya Abdulla ilinunuliwa kwa jozi, na mteja alirudi kununua nyingine. Abdulla aliuza nafasi ya kusema, akaweka sahihi yake pembeni.

Na nafasi hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwa sababu yapo mambo ambayo mwanamke wa pwani hakuweza kuyasema kwa mdomo bila kuvunja heshima. Jirani anakusengenya. Wifi hakutaki. Mume ana nyumba nyingine huko Majengo na wewe unajua. Ukifungua mdomo wewe ndiye mgomvi. Lakini ukipita kibarazani na leso inayosema unaogopa simba na meno yake, humwogopi mtu kwa maneno yake, aliyekusudiwa atasoma. Akiuliza, jibu lipo tayari: “Mimi nimependa rangi tu, bibie.” Naye wiki ijayo atapita na jibu lake. Maneno yalijibizana mtaani bila mtu kuinua sauti. Anayedhani kujibizana kwa mafumbo kwenye hali ya WhatsApp kulianza na simu janja amulize nyanya yake.

Sitaki kuifanya leso malaika. Mwenye duka alimuuzia aliyerusha kijembe, akamuuzia na aliyerushiwa, na fitina ikizidi ndivyo droo ilivyojaa. Tukilalamika leo kwamba mitandao hutusukumia magomvi kwa kuwa magomvi hutuweka kwenye skrini, tukubali kwamba kufaidi kutokana na vijembe ni biashara ya zamani. Lakini leso ilikuwa na mipaka yake. Aliyeisema aliinunua, kwa hiari, baada ya kuwazia bei. Ilisomwa na waliokuwa mtaani, wanaomjua na wanaoujua ugomvi. Halafu ilichakaa. Baada ya miaka kijembe kikali kiligeuka mbeleko, mtoto akalala juu yake, yakaisha. Maneno ya mtandaoni hayachakai. Mtu hupiga picha ya skrini akaiweka akiba ya miaka mitano.

Leso pia ilijua kufuata kinachovuma. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka leso yenye sura yake, yenye maneno Hongera Barack Obama, na jina lililoshukuru Mungu kwa upendo na amani. Mwenye kiwanda hakuhitaji kusema kwa nini nguo yake ni bora. Alijua watu wana furaha wanayotaka kuivaa, akawahi kabla haijapoa.

Kati ya zama za leso na zama za simu palipita kipindi kingine, na nadhani ndicho kilichotuharibu kidogo. Yalikuja matangazo ya redio na magazeti. Yalikuja magari ya sinema, yaliyofika uwanja wa kijiji jioni, yakatandaza kitambaa cheupe na kuonyesha picha, na katikati ya picha yakaingiza sabuni na majani ya chai. Watoto waliyakimbilia hadi vumbi likawameza. Yalikuwa raha, sikatai, lakini mwelekeo wa maneno ulikuwa umegeuka. Kampuni inasema, ninyi mnakaa chini mnasikiliza. Kipaza sauti ni kimoja na kimefungwa kwenye gari. Kizazi cha wauzaji kilichokulia hapo kiliamini kutangaza ni kupaza sauti kuliko mwenzako.

Kisha mambo yakaharakisha. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na mtu wa Kakamega akaweza kumlipa mtu wa Mombasa bila ya kumwona. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa zikipita chini ya bahari, bahari ileile iliyoleta majora ya leso, na intaneti ikaanza kuwa ya kasi na ya bei ambayo mwenye duka angeimudu. Simu zikashuka bei. Ghafla mama anayeuza viatu vya mitumba Kongowea akawa na duka lisilo na kodi ya nyumba, na wateja asiowahi kuwaona.

Wengi walianza kwa desturi ya gari la sinema. Nembo kubwa katikati, nambari ya simu kubwa, na maneno yaleyale kila siku: karibuni, tuna ofa, njooni wote. Halafu bei ikafichwa: bei inboksi. Wakashangaa hakuna anayejibu. Wale waliofaulu, kwa nilivyowaona mimi, walirudi kwenye leso bila kujua. Waliwaacha wateja waseme. Dada mmoja ninayemwandikia, muuza mashuka, alikuwa na picha nzuri za bidhaa na hakuna aliyezitazama. Nikamwambia aache kusifu mashuka yake, aweke maneno ambayo watu wangetaka kumtumia mtu mwingine: utani wa bibi harusi, dua ya mama mzazi, kijembe cha upole kwa mgeni asiyeaga. Jina la duka likawa dogo pembeni. Watu wakachukua picha hizo wakaziweka kwenye hali zao za WhatsApp, kila mmoja kwa sababu yake. Mashuka yakaanza kutoka.

Kwa hiyo kama swali ni namna ya kuuza, leso imelijibu. Ila kuna sehemu ambayo haifanani, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Abdulla alikuwa na duka lake na daftari lake. Alijua nani anadaiwa, nani huchukua leso kwenda kuuza Lamu, nani ana harusi Rajabu. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Leo mfanyabiashara ana wafuasi elfu kumi na daftari hana. Daftari liko kwa mwenye mtandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita; kwetu ilikuwa jioni kuingia usiku. Kuna watu ambao jioni ile hawakuwa na njia hata moja ya kumfikia mteja. Duka lilikuwepo, mzigo ulikuwepo, mteja alikuwepo, ila kichochoro kinachowaunganisha kilikuwa cha mtu mwingine na amekifunga. Ilikuwa saa sita tu. Nimeona ukurasa wa mteja wangu ukifungwa moja kwa moja, bila maelezo yanayoeleweka, na miaka minne ya kazi ikaondoka nao.

Kuna na swali la maneno na sura. Mwanamke mwenye leso alichagua kuwa tangazo. Lakini Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, kinyume na sheria ya mwaka 2019. Wafanyabiashara wengi walilalamika: ati picha moja tu? Mimi nilikumbuka kaniki. Kumvisha mtu ujumbe ambao hakuuchagua, kwa faida yako, si mkakati. Ni jambo la zamani ambalo pwani hii inalijua vizuri kuliko inavyopenda kukumbuka.

Hata majina yenyewe hayako salama. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno kikoy liwe alama yake ya biashara nchini humo. Yaani nguo inayovaliwa na kila mzee wa pwani akienda msikitini, jina lake liwe la mtu mmoja ng’ambo. Wakenya na marafiki zao walipinga, na mwishowe ombi likaanguka. Lakini ilihitaji watu waamke na kugharamika. Maneno yaliyotungwa na wengi ni rahisi sana kuandikishwa na mmoja.

Basi mteja mpya akija kwangu kutaka mkakati, siku hizi nina maswali matatu kabla ya kuandika neno lolote. Daftari lako liko wapi: una namba za wateja waliokubali uwe nazo, mahali ambapo hakuna anayeweza kukufungia? Watu wanaoonekana kwenye picha zako walikubali? Na ukiondoa nembo yako, je, bado kuna kitu hapo ambacho mtu angetaka kukisema kwa mwenzake? Wengine huona ninawachelewesha. Mmoja aliniambia anataka wafuasi, hataki historia.

Lakini historia ndiyo yenye hesabu. Mali ilikuwa ya Abdulla mpaka ilipolipiwa kaunta. Baada ya hapo leso ilikuwa ya mwanamke na maneno yalikuwa yake, avae amwambie amtakaye, na Abdulla alibaki na senti zake na herufi ndogo kwenye pindo. Kila mmoja alijua chake kinaishia wapi. Kwenye mitandao tunaambiwa kila kitu ni bure, na ndiyo maana ni vigumu kujua ni lini tumelipa, tumelipa nini, na kama kile tulichobeba mchana kutwa kitakuja kuwa chetu.